Kishimo cha uani na mpangaji mpya

Jamani, leo situlii. Nikikaa nainuka.

Asubuhi tumekuta kishimo uani, chini ya mnazi. Duara kabisa, mchanga umerukia pande zote, ndani hamna kitu.

Basi nyumba nzima: "Mpangaji mpya kafukia uchawi!" Mama wa watu analia, anafungasha virago.

Babu yangu, balozi wa nyumba kumi tangu enzi za Ujamaa, akaitisha kikao palepale. "Ndugu wananchi, aliyechimba ajitaje!"

Puu!

Nazi imedondoka katikati ya kikao. Imechimba kishimo pacha wa kile cha asubuhi.

Wote tukainua macho juu ya mnazi.

Mpangaji akafuta machozi. "Samahani, mzee balozi. Sasa ile nazi ya kwanza kaiokota nani?"

Nyie mngemjibuje? Maana wali wa nazi ulikuwa unanukia, tena jikoni kwa balozi mwenyewe.