Geti la Apolonia

Mtu akikwambia Apolonia alikuwa mkaidi, mkubalie, halafu muulize kama amewahi kuteremka mlima Kitonga na mzigo wa mbao.

Mwaka sabini na nne alikuwa mlinzi wa geti kwenye kiwanda chetu cha mbao, Mafinga. Lori halikutoka bila kupimwa na sisi mafundi watatu: Philbert breki, mimi magurudumu, mwisho Mzee Ambrosi taa na honi. Kila aliyemaliza alipaza sauti. Lakini mzee akishasema "Tayari", nani tena atafungua mdomo? Geti lilifuata sauti yake. Siku moja Philbert alisema breki bado, mzee akaona taa zinawaka, akasema tayari, lori likatoka. Dereva alikuwa Jailos, mume wa Apolonia. Kule Kitonga breki zilikataa, akaligongesha kwenye ukuta wa mlima ili lisiingie korongoni, akavunjika mkono.

Apolonia hakulia mbele yetu. Alikuja na vipande vitatu vya mti, akatugawia.

"Shikamoo, baba," akamwambia Mzee Ambrosi. "Kuanzia leo sifuati sauti ya mtu. Kila mmoja aweke chake chini ya gurudumu. Kipimo kikikubali, akitoe mwenyewe, aniletee mkononi. Visipotimia vitatu, sifungui."

"Na mtu akisahau?" nikamuuliza.

"Lori litalala."

Mzee alinuna, aliona amevuliwa heshima. Mimi nilichukia kabisa. Fundi mzima natembea na kuni mkononi.

Mkono ulipopona, Jailos alirudi kwenye usukani. Asubuhi ile mvua inanyesha, meneja anafoka, na Apolonia ana vipande viwili tu. Cha Philbert kilikuwa bado chini ya gurudumu, mwenyewe kaitwa stoo.

"Mama Tusekile, fungua bwana," Jailos alisema dirishani. "Breki nilizijaribu jana."

"Sijaletewa."

"Mimi mumeo nakwambia."

"Ndiyo maana sifungui."

Meneja akamwambia atamfukuza kazi. Apolonia akakaa kwenye benchi lake, ufunguo kaukumbatia kifuani. Nilimwogopea kwelikweli.

Philbert akaja, akapanda, akakanyaga breki. Mguu ukazama mpaka chini. Mpira wa breki ulikuwa umepasuka, mafuta yote yamevuja.

Jailos alishuka. Mzee Ambrosi akainama kwenye tope, akakisukuma kile kipande cha mti kikaze zaidi chini ya gurudumu.