Pikipiki ya Umeme Aliyoigawa kwa Mzaha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kasimiri Mapunda anafuta pikipiki ambayo tayari inang'aa. Yuko kwenye kijiwe chake cha bodaboda, Gongo la Mboto, kitambaa mkononi, lakini macho yake yako ng'ambo ya barabara. Huko dereva mwenzake, Fredrick, anapakia abiria kwenye pikipiki ya umeme isiyo na mlio wala moshi.

Abiria mwenyewe ni Bi Wahiba, mwenye duka la vitenge. Kwa miaka sita alikuwa mteja wa Kasimiri.

"Anasema baibui lake siku hizi halinuki petroli," anasema Kasimiri. "Sasa miaka yote hiyo lilivyokuwa linanuka, mbona hajawahi kuniambia?"

Kinachomsumbua hakifichi. Ni wivu, na anautaja kwa jina lake. Baba huyu wa watoto watatu, mzaliwa wa Songea, ndiye mwenyekiti wa kijiwe, na pikipiki ile ilikuwa iwe yake.

Mwaka jana kampuni moja iliyowekeza kwenye pikipiki za umeme, na vituo vya kubadilishia betri zinazochajiwa kwa nguvu ya jua, ilifika hapo kutafuta dereva mmoja wa majaribio. Angelipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chake. Madereva wakakubaliana ifuatwe zamu, kama wanavyofanya kwa abiria. Zamu ilikuwa ya Kasimiri.

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Akauliza kama inakuja na rimoti. Kisha, mbele ya kijiwe kizima, akamgeukia Fredrick, ambaye kwake ni kama mdogo wake: "Chukua zamu yangu, dogo, ukachezee."

Kijiweni hapo, zamu ukishaigawa huidai tena. Sheria hiyo aliitunga Kasimiri mwenyewe.

Leo petroli inamlia karibu nusu ya mapato yake ya siku. Fredrick, anasema, amenunua hadi friji.

"Na mie habari za friji hilo naletewa kila siku wakati wa kula," anasema, akimaanisha mkewe, Eufrazia. "Hata maji yake yanavyopoa nayajua."

Mwezi ujao kampuni inaleta pikipiki nyingine. Safari hii anayetaka lazima adhaminiwe na dereva wa kijiwe hicho hicho ambaye tayari anaendesha ya umeme. Hapo yuko mmoja tu.

"Bora wangeniambia nikadhaminiwe na mama mkwe," anasema Kasimiri.

Wiki iliyopita, kwenye kilima cha kuelekea Pugu, alimkuta Fredrick amekwama. Alikuwa amepitiliza kituo cha betri akiwahi abiria, chaji ikamwishia.

"Sitadanganya, nilifurahi," anasema. "Nilipunguza mwendo nimwangalie vizuri."

Lakini dereva wa bodaboda hampiti mwenzake aliyekwama. Kasimiri aliegemeza mguu kwenye pikipiki ya Fredrick, pale abiria anapokanyaga, akaongeza moto na kuanza kumsukuma, kama madereva wanavyosaidiana chombo kinapozima. Katikati ya kilima akalitoa la moyoni.

"Nilimwambia, Fred, nidhamini. Nilijua pale hana pa kukimbilia."

Fredrick anakumbuka vizuri. "Braza alikuwa haniangalii, anaangalia barabara tu. Nikamwambia sukuma kwanza."

Walipofika kituo cha betri kinachofuata, Fredrick akachomeka betri iliyojaa na kumpa jibu. Atamdhamini, ila kwa sharti.

"Zamu alinipa mbele ya watu, na watu wakacheka," anasema Fredrick. "Basi na hili aniombe mbele ya watu."

Kasimiri ameshindwa kulala vizuri tangu siku hiyo, lakini anasema pikipiki ataichukua, na safari yake ya kwanza itakuwa ya Bi Wahiba. Jumamosi kuna kikao cha kijiwe, na mwenyekiti ni yeye.

"Nitaomba," anasema, akikunja kitambaa chake. "Ila nitaliweka mwisho kabisa, kwenye mengineyo, wakati watu wameshaanza kuondoka."