Spika ya Mninga ya Apolinari

Watu wa Magamba walijua kwamba Apolinari anapiga gitaa kwa sababu walikuwa wanamwona akipiga. Kumsikia ilikuwa habari nyingine. Kwenye sherehe alikaa pembeni ya ngoma, kichwa kimeinama, vidole vinakimbizana juu ya nyuzi, jasho linamtiririka, na ngoma zikishakolea hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama anapiga wimbo au anakuna mbao tu. Gitaa lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Alilinunua ujanani kwa mfanyakazi mmoja wa reli aliyekuwa anahama Mpanda na hakutaka kubeba mizigo mingi. Lilikuwa na sauti tamu, lakini ni sauti ya chumbani, si ya uwanjani.

Kazi yake hasa ilikuwa nyuki. Alichonga mizinga, akaitundika porini, akarina asali na kuiuza mjini Mpanda, mtaa wa Majengo, ambako wateja walimfahamu na kumpunja kwa heshima. Mkewe, Eufrazia, alilima mpunga na kucheka, na yote mawili aliyafanya kwa bidii. Mdogo wa Apolinari alikuwa mmoja tu, Tereza, ambaye alimlea tangu wazazi wao walipofariki, wakati binti huyo ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Alimlea kama alivyoweza, mwanamume asiyejua hata kusuka nywele, na alimpenda kuliko alivyowahi kusema.

Sasa Tereza alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Nathanael, alitoka katika familia ya wafugaji waliohamia upande wa Sitalike na ng'ombe wao. Watu wakarimu sana, wasio na kelele, ila wakishika ngoma. Siku walipoleta mahari walikuja na ngoma zao kubwa, na wapigaji wenye mikono kama michi. Apolinari alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya Tereza. Alikuwa ameutunga polepole, porini, huku anachonga, na hakuwahi kumwimbia mtu. Siku hiyo akasimama, akauimba wote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mbele ya umati, na hakuna aliyesikia hata neno.

Jioni wageni walipoondoka, Tereza akamfuata jikoni.

"Kaka, ulikuwa unaimba nini pale? Niliona mdomo unachezacheza tu."

"Wimbo wako."

"Wimbo wangu? Mimi?" Binti akakaa chini kabisa. "Basi siku ya harusi uuimbe tena, mimi niusikie. Mengine yote muwape hao wakwe. Mimi sitaki kanga wala sufuria. Nataka hilo tu."

Apolinari akasema sawa, kana kwamba ameombwa chumvi. Moyoni ilimuuma, tena sana. Mtu analea mtoto miaka yote hiyo, halafu siku ya kumwambia neno moja la maana anashindwa na ngozi ya ng'ombe.

Siku ya pili yake alichukua gitaa akaenda Mpanda kwa Méthode. Huyu Méthode alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, aliyepewa shamba kule Katumba pamoja na wenzake, lakini siku za soko alikuwa mjini, chini ya kibaraza cha duka moja la Majengo, anatengeneza redio. Alikuwa mpole na mwenye maneno machache. Aligeuza gitaa, akaligonga, akasikiliza.

"Hili linahitaji umeme, bwana Apolinari. Redio mbovu inaweza kukuza sauti, na betri ya lori inaendesha redio. Kinasa sauti nitakitoa kwenye mkono wa simu iliyokufa. Spika ninayo, ya redio ya mbao iliyoungua. Nipe asali tu."

"Kumbe rahisi!"

"Bado sanduku. Spika bila sanduku ni bure. Sauti ya mbele na ya nyuma zinauana hewani, unabaki na mkwaruzo. Tafuta mbao nene, ufunge kila upande, hewa isipenye."

Hapo ndipo urahisi ulipokwisha. Mbao nene zilikuwa kwa wapasua mbao, na mfuko wa Apolinari ulikuwa umeshakaushwa na harusi: mchele, mbuzi, gauni, viatu vya bibi harusi vilivyoagizwa Tabora na kuja vyote vya mguu wa kushoto, vikarudishwa, vikaagizwa tena. Eufrazia alipoulizwa kama kuna akiba mahali alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Kalisti, akiba ipi? Mimi mwenyewe siku hiyo nitavaa gauni nililovaa kwenye ubatizo wa mwanetu Kalisti. Angalia hapo nyuma ya nyumba, una magogo yamejaa. Chonga."

Ni kweli alikuwa nayo. Lilikuwepo gogo moja la mninga, nene, lililonyooka, alilokuwa amelitayarisha kwa ajili ya mzinga. Apolinari akalizunguka akiliangalia. Méthode alisema mbao nene, na mninga ni mnene. Alisema hewa isipenye, na je, kuna mtu katika wilaya nzima aliyewahi kumwambia Apolinari kwamba mzinga wake unavuja?

Akashika tezo. Akalikomba gogo ndani mpaka likawa pipa, akachonga kifuniko cha mbele na kukitoboa tundu la duara la kuwekea spika, akachonga cha nyuma na kukiachia kitundu kidogo cha kupitishia waya. Alifanya kazi kwa furaha, anapiga mluzi, na mikono ikawa inakwenda yenyewe kama inavyokwenda mikono ya fundi yeyote katika kazi aliyoizoea. Palipobaki mwanya aliziba kwa nta, maana gundi hakuwa nayo na nta alikuwa nayo tele. Kisha, bila hata kufikiri, akachukua donge jingine la nta, akaliyeyusha, akapaka ndani yote, vizuri, kwa mapana, kama alivyofundishwa na baba yake. Kisha akafunga kamba, akalitundika lile pipa juu ya mti nyuma ya nyumba, mbali na mchwa, likauke kivulini.

Mtu asiyefuga nyuki angeshtuka kuona spika inatundikwa mtini. Mfuga nyuki haoni, ndivyo alivyozoea. Ule ulikuwa mwezi wa Septemba, miti ya porini imeanza kuchanua, makundi ya nyuki yanahama na kutafuta makazi. Apolinari akipita pale chini ya mti aliwaona nyuki wachache wakiingia na kutoka kwenye kile kitundu cha waya, wanakagua. Na moyo wake ukafurahi. Ulifurahi kama ulivyofurahi siku zote mzinga mpya unapopata wakaguzi, na hakujiuliza hata kidogo anafurahia nini. Akaendelea na shughuli za mchele.

Méthode alikuja mkesha wa harusi, wakalishusha pipa, akafunga spika, akaunganisha redio na betri, wakajaribu. Loo! Gitaa lilitoa sauti nene, ya duara, iliyofika mpaka kwa jirani, na jirani akaja kuuliza ni bendi gani. Eufrazia alicheza na mwiko mkononi. Apolinari aligeukia pembeni, akijifanya anakagua waya, kwa sababu angesema neno angelia.

Harusi ikafungwa asubuhi kanisani, na kufika mchana uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa. Pipa la mninga liliwekwa juu ya kinu kilichofudikizwa, juani, kila mtu alione. Lori la kumchukua bibi harusi kwenda Sitalike lilikuwa limeegeshwa barabarani, dereva anakula. Ngoma za wakwe zilikuwa zinaunguruma. Apolinari akasubiri zamu yake, akavaa mkanda wa gitaa, akamwangalia Tereza aliyekaa kitini katika shela, akapiga nyuzi.

Sauti ikatoka. Ngoma hazikunyamaza, lakini safari hii gitaa lilipita juu yake wazi kabisa, na watu wakageuza vichwa. Wapigaji ngoma nao wakaongeza nguvu kwa ushindani. Jua nalo lilikuwa limefanya kazi yake tangu adhuhuri. Nta ndani ya pipa ilikuwa imelainika, na harufu yake tamu imesambaa uwanja mzima, mpaka shangazi mmoja alikuwa anauliza asali inagawiwa wapi.

Apolinari alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo aimbe, alipousikia muungurumo mwingine ukitokea upande wa porini. Huo aliufahamu tangu utoto. Aliinua macho, akaliona wingu jeusi linakuja juu ya paa la jiko, chini chini, bila haraka, na hapo hapo akaelewa kila kitu: nta, kitundu, mti, na wale wakaguzi aliowafurahia kama mjinga.

"Yesu na Maria," alisema. "Nimewatengenezea nyumba."

Nyuki wakatua kwenye nyumba yao. Walilifunika pipa, wakafunika kinu, wakaning'inia kwenye waya. Uwanja ulifumuka. Wapigaji ngoma wenye mikono kama michi walikuwa wa kwanza, na ngoma wakaziacha zikibiringika. Mmoja wao alijikwaa kwenye waya wa betri ukachomoka. Mama mkwe wa Tereza aliingia jikoni na watu wengi kuliko jiko linavyobeba. Bwana harusi alifika mpaka kwenye lori, akamkuta dereva amejifungia ndani na hafungui kwa mtu. Méthode alikuwa ameshakuwa mbali, njia ya Katumba, viatu mkononi.

Kisha pakawa kimya. Nyuki wanaohama hawana ugomvi, matumbo yao yamejaa asali na shida yao ni makazi tu, ilimradi usiwapige mikono. Apolinari alilijua hilo, kwa hiyo alibaki amesimama. Alipogeuka akamwona Tereza bado yuko kitini, ametulia, mikono juu ya mapaja, nyuki wawili watatu wanatembea juu ya shela. Alikuwa amekulia kwenye mizinga, angekimbilia wapi?

"Sasa kaka," alisema kwa sauti ya chini, bila kutikisika. "Imba."

"Spika imekufa, Tereza. Waya umechomoka, na mimi siwezi kuingiza mkono mle."

"Nani anaidai spika? Ngoma zimekimbia."

Basi Apolinari akapiga nyuzi kavu, kwa sauti ile ile ya chumbani, na akamwimbia. Alimwimbia habari za usiku wa homa, na za gauni la shule aliloshona mwenyewe likawa na mkono mmoja mfupi. Alimwimbia habari ya uji wa kwanza alioupika baada ya mazishi ya mama, ulioungua mpaka chungu kikapasuka, na Tereza mdogo akaunywa wote akasema kaka, mtamu. Hakuna neno lililopotea. Machozi yalimtoka binti, na hakuthubutu kuyafuta kwa ajili ya nyuki, akayaacha yateremke.

"Nilidanganya," alisema wimbo ulipoisha, anacheka na kulia. "Ule uji ulikuwa mchungu kama shubiri."

"Nilijua," alisema Apolinari. "Na mimi niliuonja."

Mlango wa jiko ukafunguka kidogo, ikatokea pua ya mama mkwe. Nyuma yake zilionekana pua nyingine nyingi, zote zimelowa.

"We kaka mtu!" akaita kwa sauti ya kunong'ona. "Rudia, mwanangu. Huku ndani tulikuwa tunakanyagana, mwanzo hatukuusikia."

Barabarani dereva alikuwa ameshusha kioo kidogo naye asikilize, funguo za lori mkononi. Apolinari aliziona zile funguo. Akashika gitaa, akaanza tena, polepole mno, kwa sababu wimbo ukiisha ndiyo Tereza anaondoka.