Magurudumu Yaliyomkubali Nyanya

Katika miaka ya tisini kaka yangu alinunua gari kuukuu la rangi ya maziwa, akalipeleka gereji likatwe springi ili lishuke. Liliporudi mtaani kwetu Kibokoni lilikuwa limelala chini kama paka aliyeshiba. Watu wa barazani walicheka. Mama akasema limezama. Mimi nililipenda papo hapo. Nikikaa mbele, barabara ya Ndia Kuu ilipita karibu na bega langu, na milango ya nakshi ikawa mirefu kuliko nilivyopata kuiona.

Kilichobaki ni magurudumu. Ya zamani yalikuwa membamba, na kaka alitaka mapana, yajaze nafasi. Akaazima kwa rafiki yake ringi pana zinazong'aa, akazifunga Jumapili asubuhi mbele ya nyumba. Mimi nikashika usukani, yeye akalala chini juu ya mkeka.

"Kata kulia. Kata yote."

Nikasikia mkwaruzo. "Yagusa?"

"Yagusa. Na bado hamna mtu nyuma."

Ndipo nyanya alipotokea mlangoni. Nyanya, mamake mama, alikuwa na magoti yaliyokaza. Teksi zilimshinda kupanda, na basi hata usimtajie. Kwa muda mrefu dunia yake ilikuwa chumba chake na ukumbi. Alilitazama gari lile, kisha akasema, "Hili hata mimi naliweza."

Tukadhani atania. Akashika paa, akageuka taratibu, akajishusha mpaka akaketi kiti cha nyuma, bila ya kuinuliwa na mtu. Akavuta mguu mmoja, kisha wa pili, akalitandaza buibui lake mapajani.

"Twendeni basi."

Kaka akachutama, akajaribu kupitisha kidole kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu yake. Hakikupita.

"Nyanya, magurudumu haya hayakutaki."

"Basi tafuta yanayonitaka, mwanangu."

Nilimwona kaka akizitazama zile ringi, akazifuta vumbi kwa kiganja, kisha akazifungua na kuzirudisha kwa mwenyewe.

Akaanza kuzunguka kwa wauza vipuri vya mitumba, na kila alipopata ringi alikuja kuijaribu alasiri, nyanya akiwa ndani, maana bila uzito wake gari lilidanganya. Nyanya alizipenda alasiri zile. Alikaa akijipepea kwa upepeo wa ukili, akiitikia salamu za wapita njia, na mimi nikakata kulia, nikakata kushoto, huku harufu ya mahamri ikitoka majumbani na jua likiteleza juu ya kuta. Wakati mwingine nilisahau kwamba hatuendi popote.

Mwishowe alipata ringi za chuma, za upana wa kadiri, zilizoketi ndani zaidi, na tairi za kimo kile kile cha zamani. Hazikuwa na urembo wowote. Nikakata usukani wote na sikusikia kitu. Kaka akapitisha kidole, kikapita.

"Yamekukubali, nyanya."

Tukatoka. Biashara Street nyanya aliomba tusimame, na mwenye duka la kanga alilazimika kuchutama ili amwone dirishani.

"Mama! Tulidhani umetuhama."

"Niko," nyanya akajibu. "Nionyeshe zilizoingia."

Akaletewa kanga, moja baada ya nyingine, zikafunuliwa juu ya magoti yake mpaka gari zima likajaa rangi na harufu ya kitambaa kipya. Kisha tukakizunguka kisiwa chetu mpaka ufukweni Mama Ngina, tukala mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, upepo ukipita dirisha hili na kutokea lile. Nyanya alitazama bahari kwa namna mtu anavyomtazama ndugu aliyerudi safari.

Tuliporudi alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kioo. Tulifika karibu na nyumbani. Kaka akamtazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma, akapunguza mwendo, akaipita njia yetu, akaanza kukizunguka kisiwa upya, polepole, asije akamwamsha.