Aliyenichagulia Kinanda Masasi

Wenzangu wakisimulia mambo ya namna hii huanza na usiku na njia panda. Mimi sina usiku. Langu lilinikuta alasiri, dukani Masasi, jua linawaka. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize kwanza, maana halikuwa ndoto.

Mimi hupiga kinanda katika kwaya ya kanisa letu la Kianglikana, Newala. Jina nimerithi kwa babu mzaa mama, aliyefundisha kinanda misheni enzi zake, na kwetu mrithi wa jina husalimiwa kama mwenye jina. Mama yangu mzazi huniita "baba", na mke wangu hachoki kucheka.

Msimu ule kwaya ilipalilia mikorosho ya watu ili tupate kinanda cha umeme. Nikatumwa kununua. Mwenyekiti wetu, Mama Neema, alinisindikiza hadi stendi.

"Mwalimu, ukituletea kichezeo cha watoto, jembe hatushiki tena. Na kuimba ndiyo basi."

Dukani vya bei yetu vilikuwa viwili. Kimoja kinang'aa, kina taa, kina milio ya ngoma, mpaka mbwa anabweka humo ndani. Cha pili cheusi, kizito, kimeshatumika, hakina mbwembwe. Nikudanganye ili iweje? Macho yangu yalikuwa kwenye taa.

Mara nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, mwalimu."

Kugeuka, namwona bibi aliyemzidi mama yangu umri, kitenge safi, vidole virefu. Mtu mzima vile ananiamkia mimi! Kwa mazoea ya nyumbani nikaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha haya zikanishika.

Akatabasamu, akakisogelea kile chenye taa. "Bonyeza polepole. Haya, kwa nguvu sasa. Umesikia tofauti?"

Sikusikia.

"Basi hiki hakisikilizi mkono. Watu wakiomba, chenyewe kitapiga kelele." Akaenda kukaa kwenye kile cheusi.

Ndugu yangu, yule bibi alipiga! Mkono wa kushoto ulitembea taratibu kama mtu anayerudi kwao, wa kulia ukaimba. Machozi yalinitoka na sikujali. Katikati ya wimbo umeme ukakatika, feni ikasimama, taa za kile kingine zikazima. Yeye akaendelea, na sauti ikaendelea. Niamini, kinanda kile hakina betri.

Ghafla akaacha, wimbo haujaisha.

"Mbona hukumalizia?"

"Hapa ndipo ulipoishia kunifundisha, mwalimu."

Nikamgeukia mwenye duka nimuulize bibi huyu anakaa wapi. "Bibi gani?" akasema. "Si ulikuwa unapiga wewe?" Nilipotazama tena, kiti kilikuwa kitupu. Nikanunua kile cheusi.

Mama aliposikia, alishika kichwa. "Ukaitikia?"

"Nikaitikia."

"Basi umekubali, baba. Huyo ni mwanafunzi wa mwisho wa babu yako. Babu alifariki hajammalizia wimbo, naye hakukaa sana akamfuata." Kisha akaniimbia sehemu iliyobaki, jinsi alivyoisikia kwa baba yake, mpaka nikaishika.

Jumapili nikaupiga kanisani. Nilipofika pale alipoachia, vitufe vya chini, mbali na vidole vyangu, vikaanza kushuka vyenyewe, vinachelewa kidogo nyuma yangu kama afanyavyo anayejifunza. Mama Neema alikuwa karibu, akaviona. Alipandisha sauti tu, kwaya ikamfuata, na sijawahi kuisikia ikiimba vizuri vile.

Tangu hapo ni kila Jumapili, wimbo mmoja wa babu baada ya mwingine, nami sithubutu kukosa mazoezi. Wewe unayekwenda kununua kinanda, achana na taa, bonyeza polepole kisha kwa nguvu. Lakini mkubwa wako akikuamkia hapo dukani, kabla hujaitikia jiulize una nini cha kumfundisha. Jumapili iliyopita huyu wangu hakuchelewa hata kidogo. Anasubiri wimbo mwingine, nami nyimbo za babu zimeniishia.