Mwaka Mama Alipobaki Mjini

Kila asubuhi chumba chetu kilinuka mkojo uliochemshwa. Mama aliutia kidogo kwenye kichupa cha kioo pamoja na dawa ya buluu aliyopewa na dresa wa zahanati, kisha akakishika kwa koleo juu ya makaa. Rangi ikibaki buluu, aliguna na kuendelea na kazi. Ikigeuka nyekundu kama tofali, alikaa chini kwanza, mikono magotini, ndipo akainuka kwenda kuchemsha sindano. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, na huo ulikuwa mwaka wetu wa kwanza Garissa, enzi ya ukoloni, katika chumba cha udongo tulichopanga nyuma ya duka.

Kabla ya hapo tulikuwa tukihamahama na mifugo upande wa Ijara. Ugonjwa ulinianza kwa kiu. Nilimaliza kibuyu cha maji nikaomba kingine, na bado nilikonda hadi bangili zikawa zinanitoka zenyewe. Baba alidhani ni kijicho, akamwita shehe anisomee. Nilipofika hali ya kutoamka, alinifunga juu ya ngamia akanileta mjini. Dresa akasema ni kisukari, na kwamba nitadungwa sindano kila siku, maisha yangu yote. Baba aliuliza kama dawa hiyo ingeweza kusafiri na mifugo. Akaambiwa joto lingeiharibu. Basi mama akabaki nami, naye baba akarudi porini na kaka yangu.

Mama aliizika dawa ndani ya chungu cha mchanga, akawa anaumwagilia mchanga huo maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka mtoni Tana. Sukari aliiondoa nyumbani, akabakiza kidogo tu ya kunilambisha sindano iliposhusha sukari mwilini mno nikatetemeka. Chai alikunywa chungu kama mimi, ingawa hakuna aliyemkataza. Mchana aliuza maziwa sokoni, na jioni alisinzia huku akinisuka, vidole vikisimama katikati ya nywele zangu. Nilingoja hadi vianze tena.

Kiangazi kilipokolea baba alikuja. Alikunywa chai yetu bila kuuliza, kisha akasema, "Dahabo, rudi. Tukihama hakuna wa kujenga nyumba. Mbuzi hawana mkamuaji."

"Na huyu?"

"Mpaka lini utakaa hapa?"

"Mpaka aweze mwenyewe," mama akajibu. Hakupandisha sauti. Sidhani alikuwa na nguvu ya kuipandisha.

Baba aliondoka kesho yake. Muda si mrefu mama akashikwa na malaria. Asubuhi moja alijaribu kuinuka akaanguka tena kwenye mkeka, akasema tu, "Wallahi, siwezi." Nikachemsha sindano mimi. Nikavuta dawa hadi kwenye mstari niliokuwa nikimwona akiutazama, nikamsogezea machoni ahakikishe. Akatikisa kichwa kukubali. Paja langu likakakamaa kabla sijaligusa. Nilipochomoa sindano, mama akasema, "Umeweza." Kisha akageukia ukutani akalia. Nami nikaosha sindano, kwa kuwa sikujua jambo lingine la kufanya.

Alipopona nilimwambia arudi kwa baba. Akasema tungoje mvua. Lakini kabla ya mvua, mchunga ngamia mmoja alituletea habari kwamba baba ameoa mke mwingine. Mama alimpa chai, akamuuliza hali ya malisho, akamuuliza kama ng'ombe wamezaa. Baada ya hapo hakuzungumza tena habari ya kurudi. Baba aliendelea kututembelea kila mwaka na kibuyu cha samli, akikaa mlangoni kama mgeni, hadi mama alipofariki nikiwa tayari nina watoto.

Leo binti wa kaka yangu ana mtoto mwenye ugonjwa huu huu. Dawa inakaa kwenye friji, kipimo ni tone la damu kidoleni, na jibu linatoka kabla hujakaa vizuri. Hata hivyo juzi alikuja kwangu na macho mekundu, akaketi bila kuvua mtandio, akaniuliza mimi shangazi yake, "Eedo, bibi alikuwa akipumzika lini?" Nilimwambia kweli: hakupumzika, maana hakuwa na wa kumpokea zamu. Kisha nikamwambia amlete mtoto Ijumaa alale kwangu, naye aende popote anapotaka, au asiende popote.