Koki Niliyoifungua Hadi Mwisho

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja mwaka mzima. Nilikwenda kwenye shamba moja la mkonge upande wa Pongwe kusukuma matoroli ya mabaki, nikachelewa kuondoka kwa sababu ya mtambo wao wa gesi.

Mabaki ya mkonge yalioza ndani ya tangi, yakatoa gesi. Ilikuwa na hewa ya ukaa nyingi, ile isiyowaka, na fundi wa mtambo alikuwa akijaribu kuichuja ili itumike kupikia kantini. Kazi hiyo hiyo aliwahi kuifanya kwenye gesi asilia inayochimbwa ardhini. Siku nilipomsumbua mno kwa maswali, alichukua kichujio kibovu akakikata. Ndani mlijaa nyuzi nyembamba kama nywele, kila moja ina tundu katikati.

"Gesi inapita ndani ya uzi," alisema. "Hewa ya ukaa inapenya ukutani upesi, inatoka nje. Ile inayowaka inabaki, inakwenda jikoni."

Alinipa kipande kimoja, nikakaa nacho mfukoni siku kadhaa.

Mpishi wa kantini alikuwa mama wa Kibondei ambaye kifua chake kilishaharibiwa na moshi. Zahanati walimwambia aachane na kuni. Msimamizi naye alimpa fundi wiki moja: gesi isipoivisha chakula cha mchana kwa wakati, kuni zinarudi. Kuni zikirudi, mama anaacha kazi.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba katikati ya kikohozi. Sufuria ya makande ilikuwa kubwa, na moto niliuona mdogo. Fundi alikuwa kule tangini. Nikaifuata koki inayotoa gesi kwenye kichujio, nikaifungua hadi mwisho.

Moto uliruka juu ya jiko, ukayumba, ukazimika. Mama akafunga jiko, akangoja, akawasha tena. Ukazimika tena.

"Moto gani huu unaoikimbia sufuria?" aliniuliza. Hakuwa anatania. Mzigo wa kuni ulikuwa umeshashushwa mlangoni.

Ningeweza kuchukua begi langu. Nimeshahama miji kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilikwenda tangini nikamweleza fundi nilichofanya.

"Umeikimbiza gesi," alisema, akirudisha koki taratibu. "Ikipita mbio, hewa ya ukaa haipati muda wa kupenya. Inafika jikoni pamoja na ile inayowaka."

Tulingoja. Moto ulirudi mdogo, wa buluu, ukatulia chini ya sufuria. Saa saba msimamizi alipofika, makande yalikuwa yameiva. Alikula sahani mbili, kisha akawaambia vijana wazipakie zile kuni zirudi zilikotoka.

Mama alinisogezea kigoda karibu na jiko.

"Keti hapa, mjuzi wa mabomba," alisema. "Chambua mchicha, nikuone mikono."

Nilichambua, na kesho yake nikachambua tena.